Sura ya Sita: Perege wa Mto Wami

Abiria wengi wa basi la Dodoma huvuka mto Wami pale Dakawa wakiwa wamesinzia. Wa Tanga na Arusha, wanaouvuka kati ya Chalinze na Segera, nao hawana habari nao. Mto wenyewe haujitangazi: maji ya rangi ya udongo, miti mikubwa kingoni, na kwa bahati mamba mmoja. Hata hivyo ndani ya maji hayo anaishi samaki ambaye uzao wake umefika Malaysia, Brazil na California, na ambaye alifungua ukurasa mpya wa ufugaji wa samaki katika nchi za joto. Kwao Morogoro hatambuliwi hata kwa sura. Sokoni akiwa kwenye sinia anaitwa perege, kama perege wengine wote, na muuzaji akiulizwa ni perege gani atajibu, "Wa Mtera, baba," au "Wa Mindu," na hilo litatosha kwa mnunuzi mwenye mchuzi kichwani.

Wataalamu humwita Oreochromis urolepis. Bila ramani habari yake haieleweki, kwa hiyo tuanze na milima. Uluguru, ambayo kilele chake cha Kimhandu kinapita mita 2,600, hunasa mvua ya Bahari ya Hindi na kuimwaga karibu yote katika mto mmoja, Ruvu. Upande wa mashariki, kuanzia Kinole hadi Matombo, vijito vinashuka bila kuzunguka. Mgeta unaanzia upande wa magharibi, juu kwenye matuta ya kabichi na karoti, kisha unapinda kusini mwa milima hadi ukutane na Ruvu. Ngerengere nao hutoka magharibi, hujaza Bwawa la Mindu, hupita kando ya mji wa Morogoro, halafu huelekea mashariki kuutafuta Ruvu huohuo. Ng'ambo ya tambarare ya Mkata mambo ni tofauti: mvua ya Ukaguru, Rubeho na Nguru ni mali ya Wami. Kusini zaidi, Kilombero unapeleka maji Rufiji. Mito mitatu mikubwa inapita katika mkoa mmoja, na katika yote mitatu perege wa asili ni huyu. Yumo katika Ruaha Mkuu, unaoingia Rufiji, na yumo kusini katika mto Mbwemkuru. Nje ya mito ya mashariki ya Tanzania maumbile hayakumweka mahali pengine popote duniani.

Wanaofika Uluguru kwa ajili ya elimu hupanda juu. Huko, katika hifadhi ya mazingira asilia iliyotangazwa mwaka 2008, kuna ndege, vinyonga na vyura wasiopatikana pengine, na ni haki yao kupandiwa mlima. Perege hayuko huko. Vijito vya juu vina kasi na baridi, na wenyeji wake ni samaki wengine, kama wale vikambale wadogo wa jenasi ya Chiloglanis ambao midomo yao hunyonya jiwe na kuling'ang'ania maji yakipita juu yao. Perege anataka maji ya taratibu yenye joto. Hukua vizuri kati ya nyuzi 25 na 30, na maji yakishuka chini ya nyuzi 16 hivi hamu ya kula inamtoka. Mkulima wa Mgeta anayechimba bwawa kando ya bustani yake ya mboga ataona samaki wake wakidumaa miezi na miezi, wakati mwenzake wa Dakawa au Ifakara anavuna. Tatizo ni mwinuko, wala si pumba aliyowanyima.

Tumtazame sasa mwenyewe. Mwili ni bapa na mpana ubavuni, mgongo umebeba pezi refu lenye miiba, na pembeni mwa pua kuna tundu moja tu kila upande badala ya mawili, alama ya ukoo mzima wa sikilidi. Jike na vijana wana rangi ya fedha yenye kijivu na vivuli hafifu ubavuni. Mkia wa perege huyu umefunikwa na magamba madogo kuelekea ncha, jambo lililowafanya wataalamu wa makumbusho wamtenge na jamaa zake. Dume mzima ni habari nyingine. Msimu wa kuzaa anageuka mweusi, kingo za pezi la mgongoni na za mkia zinapakwa wekundu, na taya zake hukua hadi kinywa kinaonekana kikubwa kuliko uso. Wakubwa kabisa hupita sentimita 40, ingawa kwa jinsi nyavu zilivyo leo ni wachache wanaoachwa wafike huko.

Chakula chake ni cha bei rahisi, na hapo ndipo thamani yake ilipo. Anakula mwani, utando wa kijani unaoota juu ya mawe na mashina, na mabaki laini ya mimea yaliyotuama chini. Meno ya mdomoni ni madogo, ya kukwangua. Kazi nzito inafanywa na taya za pili zilizo kooni. Jamaa zake wa karibu waliochunguzwa vizuri wana tumbo lenye tindikali kali kiasi cha kupasua chembe za mwani wa buluu ambazo samaki wengi huzitoa zikiwa nzima, na utumbo mrefu uliojikunja mara nyingi. Maana yake ni kwamba jua linageuka mwani na mwani unageuka kitoweo, bila dagaa wala samaki mdogo kuliwa katikati. Sangara anahitaji samaki wengine wengi ili awe sangara.

Kuzaa kwake kunastahili aya ndefu zaidi. Madume hukusanyika kwenye maji ya kina kifupi, kila mmoja anachimba shimo la mviringo kwa mdomo wake, anatema mchanga pembeni, na analinda eneo lake kwa vitisho na kwa kupimana nguvu za taya. Jike hupita juu ya mashimo hayo akiangalia. Akiridhika anashuka, anataga mayai machache, anageuka papo hapo na kuyachota kinywani. Dume anayarutubisha, na mzunguko unarudiwa hadi mayai yanakwisha. Kisha jike anaondoka. Dume hana mchango mwingine wowote katika malezi, anabaki shimoni kungoja mwingine. Mama huyo anabeba mayai mdomoni, anayageuzageuza ili yapate hewa, yanaanguliwa baada ya siku chache, na bado haachi: watoto wanabaki humo hadi kiini cha yai kitakapokwisha na wao kuweza kuogelea. Hata wakishaanza kutoka, kivuli cha ndege kikipita juu ya maji wanarudi mbio kinywani. Muda wote huo mama hali, au anakula kidogo sana. Mvuvi anayemvua jike wakati huo huona watoto wakimwagika kutoka mdomoni mtumbwini, na mvuvi mwenye busara anajua amepoteza kizazi kizima kwa samaki mmoja mwembamba.

Mafuriko yana nafasi yake pia. Masika yanapojaza bonde la Kilombero, eneo lililoingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, perege hutoka mtoni na kusambaa katika nyasi zilizozama. Huko kuna chakula kingi, maji ya vuguvugu na maficho ya watoto. Maji yanapopungua wanarudi mtoni au wananaswa katika vidimbwi, na wavuvi wa Ifakara wanajua mwezi wa kuvitembelea.

Kwa vitabu vya sayansi samaki huyu alizaliwa mwaka 1922, J. R. Norman wa Makumbusho ya Uingereza alipomwandika kwa mara ya kwanza. Lakini aliyemfahamu kwa undani ni Ethelwynn Trewavas, mwanamke aliyeishi kutoka 1900 hadi 1993 na ambaye katika ulimwengu wa perege hana mfano. Mwaka 1966 aliwaandika wale wa Wami kwa jina la pekee, hornorum, akiona wanatofautiana na wale wa Rufiji na Ruvu. Mwaka 1983 alitoa kitabu kikubwa kuhusu perege wote wa Afrika, na katika mpangilio wake hornorum ni tawi la urolepis. Wanasayansi bado wanavutana juu ya uzito wa tofauti hiyo. Mimi naona inatosha kusema ni ndugu wa mito miwili ambayo midomo yake haiko mbali: Wami unaingia baharini karibu na Saadani, Ruvu karibu na Bagamoyo.

Ndugu wa Wami ndiye aliyesafiri. Kituo chake cha kwanza kilikuwa Unguja, alikopelekwa na watu. Kutoka Unguja alipelekwa Malaya, na huko akakutana na perege mwingine wa pwani yetu ambaye safari yake ilikuwa ya ajabu zaidi. Huyo wa pili ni Oreochromis mossambicus, wa Zambezi ya chini na mito ya Msumbiji. Mwishoni mwa miaka ya 1930 samaki hao walionekana ghafla katika kisiwa cha Java. Aliyewapata kwenye mdomo wa mto na kuwazoesha maji baridi aliitwa Mudjair, na mpaka leo Waindonesia humwita samaki huyo mujair. Wakati wa Vita Kuu ya Pili na baada yake walisambaa Asia ya Kusini Mashariki. Wafugaji waliwapenda kwa mwezi mmoja na kuwachukia miezi iliyofuata, kwa sababu walizaana bila kikomo.

Kila mfugaji wa Morogoro aliyewahi kuchimba bwawa analijua tatizo hilo. Perege wa kike huanza kuzaa akiwa na umri wa miezi michache, mdogo kama kiganja. Baada ya muda bwawa lina samaki mamia wa urefu wa kidole, chakula hakiwatoshi, hakuna anayekua, na mwenye bwawa anavuna vitu vya kukaanga kama dagaa. Dawa inayojulikana ni kufuga madume peke yao. Hukua upesi zaidi kuliko majike na hawajazi bwawa watoto. Ila kuwachagua kwa mkono, samaki mmoja mmoja, ni kazi ya kuchosha, na jike mmoja akipita machoni pa mchaguzi jitihada yote imeharibika.

Huko Malaya, katika mji wa Malacca, alikuwepo C. F. Hickling, mtaalamu wa samaki wa serikali ya kikoloni ya Uingereza, akiongoza taasisi ya utafiti wa ufugaji wa samaki. Alichukua madume waliotoka Unguja akawaweka na majike wa ukoo wa Java. Watoto waliozaliwa walikuwa madume. Wote. Akageuza, majike wa Unguja na madume wa Java, na safari hii majike wakatokea pamoja na madume. Matokeo yake aliyachapisha mwaka 1960, na wafugaji wa nchi za joto wakasimama wima. Wakati huo yeye na wenzake walidhani ni makabila mawili ya samaki mmoja. Ni Trewavas aliyeonyesha baadaye kwamba yule wa Unguja ni mwingine kabisa, na kwamba asili yake ni Wami.

Siri iko katika kromosomu. Kwa binadamu mama ana X mbili, baba ana X na Y, na baba ndiye anayeamua jinsia ya mtoto. Kwa perege wa Msumbiji ni hivyohivyo, na pia kwa sato, perege mwingine tutakayemkuta mbele. Perege wa Wami anafuata utaratibu wa kuku: dume ana Z mbili zinazofanana, jike ndiye mwenye Z na W. Ukimchanganya dume wa Z mbili na jike wa X mbili, kila mtoto anapata X moja na Z moja, na katika mchanganyiko huo udume unashinda. Hakuna homoni, hakuna kuchagua kwa mkono, hakuna mashine. Sharti ni moja, nalo ni gumu: wazazi wawe safi. Vituo vingi duniani vilivyojaribu njia hii vilikuta baada ya vizazi kadhaa majike wameanza kutokea, kwa kuwa wazazi walikwishachanganyika mabwawani bila mtu kujua.

Kuanzia hapo samaki wa Wami hakukaa. Mwaka 1971 alichukuliwa kutoka Kodivaa akapelekwa jimbo la Ceará, kaskazini mashariki mwa Brazil, ili madume wake waoane na majike wa sato na kuzalisha watoto wa kiume kwa ajili ya mabwawa ya nchi hiyo kame. Marekani alitumika kuzalisha perege mwekundu wa Florida, yule mwenye rangi ya mchungwa anayefugwa hata katika maji ya chumvi. Katika jangwa la California, perege walioujaza Salton Sea, ziwa lenye chumvi kuliko bahari, walikuwa chotara wa damu ya Msumbiji na ya Wami. Kuvumilia chumvi ni kipaji cha ukoo wake, na nyumbani nacho kimeanza kuangaliwa: watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar wamefanya majaribio ya kumfuga perege huyu na chotara wake katika maji ya chumvi, ambako sato huhangaika.

Sasa turudi Morogoro, ambako hadithi inaharibika.

Ufugaji wa samaki Tanganyika ulianza kwa majaribio mwaka 1949, Korogwe mkoani Tanga na Malya upande wa Mwanza. Kufikia 1968 yalihesabiwa mabwawa kama 8,000 nchini. Mengi yalikuwa madogo, mengi yalikauka, na mengine yalijaa wale samaki wa urefu wa kidole niliowataja. Katika mwendo huo, na katika miradi ya kupandikiza samaki kwenye malambo na mabwawa ya umeme, perege walihamishwa kutoka bonde hadi bonde bila daftari la maana. Aliyependwa kuliko wote akawa sato, Oreochromis niloticus. Sababu zake ni za kweli na sitazidharau: anakua haraka, sura yake inapendeza sokoni, na duniani kote elimu ya kumfuga imeandikwa. Mfugaji wa Mvomero au Kilosa anayetaka vifaranga leo, sato ndiye atakayeuziwa. Kituo cha serikali cha Kingolwira, nje kidogo ya mji wa Morogoro, kinazalisha vifaranga wake, na wafanyabiashara binafsi nao vivyo hivyo. Bwawa likifurika masika, sato anaingia kijitoni, kutoka kijitoni hadi Ngerengere, na kutoka Ngerengere hakuna mlango.

Kati ya 2011 na 2017 kundi la watafiti wakiwemo Asilatu Shechonge, Benjamin Ngatunga wa taasisi ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, na Waingereza George Turner na Martin Genner walizunguka Tanzania wakivua na kuandika perege mmoja mmoja. Walipata perege katika vituo 123. Makundi 14 yalikuwa bado yako kwao tu. Watatu walikuwa wamevuka mipaka yao na kuota mizizi ugenini: sato, ngege wa Ziwa Victoria, na mmoja mdogo mwenye vidoa vyeupe mapezini, Oreochromis leucostictus, ambaye asili yake ni maziwa ya Uganda na mpaka wake na Kongo. Huyu wa mwisho hakuna mfugaji aliyemwomba. Hakui mkubwa, hana soko, alisafiri amejificha katika ndoo za vifaranga wengine. Nikiambiwa nichague kosa moja la kipuuzi kuliko yote katika historia ya uvuvi wetu wa maji baridi nitalichagua hilo, kwa kuwa hata faida ya muda halikuleta.

Hatari ya wageni hawa haionekani kwa jicho la mvuvi. Sangara alipoingia Ziwa Victoria aliwala wenyeji, na kila mtu aliona. Sato hamli perege wa asili. Anaoana naye. Watoto wanazaliwa wazima, nao wanazaa, na baada ya vizazi kadhaa bwawa limejaa samaki wanaovuliwa, wanaokaangwa, wanaouzwa kilo kwa kilo kama kawaida, ila yule perege ambaye mto ulimlea kwa maelfu ya miaka hayumo tena ndani yao kwa ukamilifu. Takwimu za uvuvi hazina safu ya hasara ya namna hiyo. Karibu na Lindi, katika ziwa Rutamba na jirani zake, wataalamu waligundua kundi la perege ambalo lilikuwa halijaelezwa vizuri, na katika utafiti huohuo, uliochapishwa 2021, wakakuta tayari limeanza kuchanganyika na sato. Kugunduliwa na kuanza kupotea vikaandikwa katika karatasi moja.

Ulaya wamepita njia hii mbele yetu. Maziwa ya Uswisi na yale yanayopakana na Ujerumani yana samaki mweupe wa maji ya baridi, jenasi ya Coregonus, jamaa wa mbali wa trauti, na kitoweo cha heshima huko kama sato kwa watu wa Mwanza. Kila ziwa lilikuwa na aina zake. Mmoja alitaga pwani, mwingine katikati, mwingine kilindini kabisa, na umbali huo wa mita chache za maji ndio uliowatenga. Katika karne ya 20 maji machafu ya miji na mbolea za mashamba vilirutubisha maziwa kupita kiasi, vilindi vikakosa hewa, na waliokuwa wakizaa chini wakalazimika kupanda na kuzaa pamoja na wenzao wa juu. Yule wa kilindi cha Ziwa Constance alitoweka tangu miaka ya 1970 hivi. Pascal Vonlanthen na wenzake, katika jarida la Nature la 2012, walionyesha kwamba zaidi ya theluthi ya utofauti wa aina hizo ilipotea, na sehemu kubwa ya upotevu huo ilikuwa kuchanganyika. Mmoja wa waandishi hao ni Ole Seehausen. Ni yuleyule ambaye mwaka 1997, baada ya kufanya kazi upande wa Mwanza, alionyesha kuwa maji ya Ziwa Victoria yalipochafuka majike wa furu walishindwa kuziona rangi za madume wao, na aina zilizokuwa mbali zikaanza kuwa moja. Waswisi wamesafisha maji yao kwa gharama kubwa, na samaki wamerudi kwa wingi. Aina zilizoyeyukiana hazikurudi.

Bonde la Ruvu lina tope la kutosha kumtia mtu wasiwasi. Miteremko ya Uluguru imelimwa kwa vizazi, na mmomonyoko wake ulisumbua watawala tangu zamani. Mpango wa kikoloni wa kulazimisha matuta, ulioanza 1950, uliishia kwa ghasia za wakulima Matombo mwaka 1955 na kuachwa. Udongo bado unashuka. Bwawa la Mindu, lililojengwa katika miaka ya 1980 ili kuunywesha mji na viwanda vyake, linapokea sehemu ya udongo huo kila masika. Mindu ni maji yaliyosimama, yenye joto, yenye mwani, na kila perege anayejua kuzaa hapo atazaa. Ni mahali ambapo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) mwenye wavu mdogo na daftari angeweza kujifunza mengi kuliko katika tangi la maabara.

Kumtambua sato si kazi. Mkunjue mkia: ukiona mistari myembamba ya wima, sambamba, kutoka shina hadi ncha, huyo ni sato. Ukiona vidoa vyeupe vilivyotawanyika kwenye mapezi na ubavuni, huyo ni yule mgeni mdogo. Mkia usio na mistari ya mpangilio, uliojaa magamba, na kwa dume mzima mwili mweusi wenye kingo nyekundu na taya kubwa, ni dalili ya mwenyeji. Mistari iliyokatikakatika, iliyopo nusu na kukosekana nusu, inaashiria chotara, ingawa jicho pekee halitoshi na jibu la uhakika linataka vinasaba.

Sidai mtu aache kufuga sato. Mama anayelisha watoto kwa bwawa la mita kumi kwa ishirini hapaswi kubebeshwa peke yake mzigo wa urithi wa mto. Ninachodai ni kidogo zaidi, na kinawezekana. Kwanza, vituo vya kuzalisha vifaranga vilivyo ndani ya mabonde ya Wami, Ruvu na Rufiji viweke pia perege wa asili, wachaguliwe na kuboreshwa kizazi kwa kizazi. Sato wa kisasa hakuzaliwa bora. Mradi wa GIFT ulioanza Ufilipino mwaka 1988 ulichukua sato wa porini kutoka Misri, Ghana, Kenya na Senegal, ukachagua wanaokua vizuri, ukarudia, na ukarudia tena. Perege wetu hajawahi kupewa nafasi ya namna hiyo kwao. Pili, anayetaka madume matupu anaweza kuwapata kwa njia ya Hickling, akitumia dume wa mto uliopo kilomita chache kutoka kwake badala ya kununua homoni. Lakini chotara hao nao wanazaa wakitoroka, kwa hiyo kazi hiyo ifanywe kwenye matangi na mabwawa yaliyo mbali na mafuriko, si kando ya Mkata. Tatu, yatafutwe mabwawa na matawi ya mito ambayo bado hayana mgeni, yaandikwe, na yaachwe hivyo.

Jambo hili lina haraka kwa sababu maji mapya yanakuja. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022 na limezamisha sehemu kubwa ya Rufiji, katikati ya makazi ya perege huyu. Katika Ruvu linajengwa Bwawa la Kidunda, litakalohakikisha maji ya Dar es Salaam wakati wa kiangazi. Bwawa jipya huvutia watu wenye ndoo za vifaranga na nia njema, na mara nyingi wanafika kabla ya mtaalamu. Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu ina ofisi zake hapahapa Morogoro, na maofisa uvuvi wako katika kila halmashauri. Waseme mapema ni samaki gani ataruhusiwa kuwekwa Kidunda, na jibu liwe perege wa Ruvu. Na wewe mwenye bwawa lako, kabla hujalipia vifaranga wafuatao, mwombe muuzaji akuonyeshe wazazi wao, kisha ukunjue mikia yao uitazame mwenyewe.